Mwenye Duka na Magauni ya Mjukuu

Mwenye Duka alikuwa haitikii salamu akiwa ameshika mkasi. Ungeweza kusimama mbele ya kaunta yake ukasema shikamoo mara tatu, na macho yake yameganda kwenye kitambaa, ncha ya ulimi imetokeza pembeni mwa mdomo, mpaka mkasi ufike mwisho na kipande kiachane na jora. Hapo ndipo angeuweka mkasi chini, akainua uso na kusema marahaba, kwa sauti ya mtu aliyezisikia salamu zote tatu. Kisha angekuuliza habari za nyumbani, za watoto, za mama, za mvua huko ulikotoka, na kila swali alilisubiria jibu lake. Wageni walimwona ana kiburi. Sisi tuliomzoea tulijua kwamba hakuweza tu kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja, na kama ni salamu, hakutaka kutoa ya nusu.

Nilikaa naye miaka kumi na minane, au niseme nilikaa mlangoni kwake. Cherehani yangu ilikuwa barazani, kushoto kwa mlango, katika ule mtaa wa nyumba za mawe unaoshuka pwani hapa Bagamoyo. Kwenye maduka mengine mwenye duka hupima yadi tu, na fundi ndiye akataye nguo. Kwake haikuwa hivyo. Alifundishwa kukata na marehemu mumewe, na baada ya mume kufariki hakumwachia mtu mwingine kazi hiyo. Mteja alichagua kitambaa ndani, akapimwa na Mwenye Duka nyuma ya pazia, kisha vipande vikaletwa kwangu nje vimefungwa kwa utepe, nami nikashona. Yeye hakushona hata kifungo.

Nilipofika kutoka Fukayosi nilikuwa nasema Kiswahili cha shambani, nusu Kikwere. Siku ya kwanza nilimwambia, "Mama, kitambaa hii imepinda." Bila kuniangalia akasema, "Kitambaa hiki, fundi. Hiki kimepinda." Akanirekebisha hivyo kwa miaka. Wateja walicheka kuona mama wa Kihindi akimfundisha mwanamke wa Kikwere ngeli, lakini yeye hakuona kichekesho. Bagamoyo ilikuwa kwake kuliko ilivyokuwa kwangu. Alijua nani alimzaa nani katika kila nyumba tangu soko mpaka pwani, na msichana akija kununua kitambaa cha harusi alimwambia mama yake alivaa rangi gani alipoolewa.

Alikuwa na mambo yasiyolingana. Samaki hakuwahi kumtia mdomoni, wala nyama wala yai, kwa dini yake ya Kihindu, lakini alijua changu ana bei gani siku hiyo, na mchuuzi akipita na ndoo alitoka kumfokea kwamba samaki wamelala. Alinigombeza nikitupa uzi wa urefu wa kidole. Mtu huyohuyo, jirani Mwislamu akifariki na watu wakaja kutaka bafta ya sanda, alifunga nusu ya mlango, akakata mwenyewe kimya, na hakukubali kupokea kitu. Vipimo vya sanda alivijua kuliko vijana wengi wa msikitini. Kisha alifunga duka siku nzima, akakaa ndani. Mazikoni hakwenda, na kwenye matanga hakwenda. Niliwahi kumuuliza kwa nini. Akasema hajui akae wapi kule.

Alikula amesimama. Hili nililiona nilipoanza kuingia ndani ya nyumba, nyuma ya duka. Kulikuwa na meza ya watu wanane, juu yake majora, na yeye alikula mkate wake na dengu kando ya jiko, sahani mkononi. Nilimwambia akae. Akasema, "Mtu mmoja nikae na nani?" Akaosha sahani, ikawa imekwisha.

Zamani mtaa ule ulikuwa na familia nyingi za kwao. Walihama moja moja, wengine Dar es Salaam, wengine ng'ambo, wakaacha milango imefungwa kwa makufuli ambayo chumvi ya bahari iliyala taratibu. Mwanawe wa pekee, binti, aliolewa Kanada. Ikabaki nyumba yake tu. Katika sikukuu yao ya taa, magharibi ikiingia, aliweka vibakuli vya udongo vyenye mafuta na utambi kwenye ngazi zake, halafu akateremka mtaani na sinia, akaweka kimoja kimoja kwenye vizingiti vya nyumba tatu zilizofungwa. Nilimsaidia kushika sinia. Hakunieleza kitu, nami nilisubiri awashe cha mwisho, tukarudi.

Mkono wake ulianza kufa katika mwaka wangu wa kumi na mbili pale. Sikujua. Niliona tu kwamba vipande vinanijia vibaya: kola moja imekatwa pana kuliko nyingine, sketi ya shule ina upande uliopanda. Nilirekebisha kimyakimya kwa cherehani, nikidhani ni uzee wa macho. Siku moja akanigombeza mbele ya mteja kwamba nimeharibu mshono wa gauni, nami kwa hasira nikaleta vipande nikavilaza kaunta, kimoja juu ya kingine, aone. Aliviangalia muda mrefu. Mteja akaaga. Mwenye Duka akachukua mkasi mkubwa, akajaribu kukata pembe ya kitambaa kibovu, na nikaona kidole gumba hakisukumi. Mkasi ulifunguka, ukabaki umefunguka.

"Tangu lini, mama?" nikamuuliza.

"Tangu kabla ya mfungo," akasema, na mfungo ulikuwa umepita miezi mitano.

Daktari alisema ni mshipa uliobanwa, na umri wake, na miaka yote ile ya mkasi. Alimpa dawa na mazoezi. Gumba halikurudi. Nikaanza kukata mimi zile nguo za wateja, na yeye akisimama nyuma yangu akinipumulia shingoni, mpaka nikaomba akae. Akakaa. Akawa anakaa kutwa kwenye kiti cha kamba karibu na mlango, mikono mapajani, akitazama barabara. Yule aliyekuwa hajibu salamu kwa sababu ya kazi sasa alijibu salamu za kila mpita njia, na hilo lilinisikitisha kuliko mkono wenyewe.

Mashine ililetwa na jamaa yao wa Dar es Salaam. Binti alimtumia mama yake kutoka Kanada, akisema huko wanawake hukatia vitambaa nyumbani, hakuna haja ya mkasi. Ilikuwa nyeupe, ukubwa wake kama redio ya kaseti ya zamani. Ndani yake kuna kisu kidogo cha mviringo kinachozunguka kama gurudumu. Kitambaa unakibandika kwenye mkeka wa plastiki unaonata, mkeka unauingiza mdomoni mwa mashine, na mchoro unatoka kwenye simu. Mashine inauvuta mkeka ndani, inausukuma nje, inauvuta tena, na kisu kinakata kile ulichochora. Mkeka wenyewe ni mdogo, hautoshi gauni la mtu mzima. Unatosha mapambo, na nguo za mtoto.

Mwenye Duka aliitazama kwa siku nne ikiwa ndani ya boksi. Siku ya tano akaniita niingie, niunganishe simu na mashine zielewane, kwa sababu macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho na herufi za simu hakuziona. Tukaweka poplini ya kijani. Mashine ikalia, ikavuta, na kitambaa kikajikunja chini ya kisu kikatoka kimetafunwa.

"Imekula," akasema.

Tulipoteza vitambaa juma zima. Binti alielekeza kwa simu kwamba kitambaa kikazwe kwanza kiwe kigumu, na huko wana dawa za kupuliza. Mwenye Duka akamwambia hana dawa hizo, akakata simu, akakaa, halafu akasema, "Kanji." Alikuwa akitia kanji mashati ya mumewe. Akachemsha unga wa muhogo ukawa mwepesi kama uji wa mgonjwa, akachovya poplini, tukaianika, nikaipiga pasi ikawa kama karatasi. Mashine ikaikata safi, duara kamili, ukingo hauna hata uzi uliochomoza. Alilichukua lile duara akalizungusha vidoleni kwa mkono wa kushoto. Hakutabasamu, lakini aliniambia nilete kitambaa kingine.

Tangu hapo mashine ikaitwa Mgeni. Asubuhi aliniuliza, "Tumwamshe Mgeni?" Aliifunika kwa kitambaa cheupe tulipomaliza. Mkeka ulipojaa vumbi la nyuzi na kuacha kunata, aliuosha kwa sabuni na maji ya vuguvugu, akauacha ukauke wenyewe kivulini, mlango umefungwa upepo usilete mchanga. Umeme ulipokatika katikati ya kazi Mgeni alisahau alipofikia, na tukabaki na nusu ya samaki. Maana alikata samaki. Mwenye Duka alichora kwa penseli kwenye karatasi, polepole, kwa mkono wa kushoto, nami nikapiga picha kwa simu: changu, pweza, kaa, kamba mwenye masharubu. Mtu ambaye hajawahi kuonja samaki, lakini alijua pezi linaanzia wapi.

Yote hayo yalikuwa ya mjukuu. Binti alikuwa na mtoto mmoja wa kike, ambaye Mwenye Duka alimwona mara moja tu, akiwa wa kubebwa. Tukaanza kumkatia magauni. Vipimo vya kwanza vilitoka kwa binti, baadaye Mwenye Duka akawa anaongeza mwenyewe kwa kukisia. Alisema watoto wa kwao hawana haraka ya kurefuka. Yeye alikata kwa Mgeni, mimi nikashona samaki na kaa kifuani na kwenye mapindo, tukayakunja magauni, tukayafunga, jamaa wa Dar akayasafirisha.

Nataka niseme ukweli wa wakati ule. Mume wangu alikuwa amehamia Mlingotini kwa mke mwingine, na nyumbani kwangu nilikuwa narudi nakuta kila kitu mahali nilipokiacha. Baada ya adhuhuri wateja walipopungua, Mwenye Duka aliniita ndani. Alichemsha chai ya tangawizi na maziwa. Majora yaliondolewa upande mmoja wa meza ya watu wanane, tukakaa wawili, Mgeni katikati yetu akilia. Alinisimulia mambo ya mtaa, nami nikamsimulia ya Fukayosi. Nikichelewa dakika kumi alitokeza barazani kuangalia niko wapi. Hakuna mtu mwingine wakati ule aliyekuwa akiangalia niko wapi.

Kwa sababu ya macho yake, ujumbe wote wa simu nilimsomea mimi. Binti alisoma shule hapahapa Bagamoyo, akawa anamwandikia mama yake Kiswahili. Siku moja, tukiwa tumetuma mzigo wa pili, simu ikalia mezani na nikaichukua. Binti aliandika hivi: "Mama, asante sana. Naomba usitume tena nguo. Mtoto amekua, hazimtoshi, na hata zilizomtosha hakuzivaa, wenzake shuleni wanamcheka. Nimezigawa kwa watu. Usijichoshe, mama. Nakupenda."

Mwenye Duka alikuwa anabandika kitambaa mkekani, anakilaza kwa kiganja. Bila kugeuka akauliza anasemaje.

"Anasema asante sana," nikamwambia. "Anasema usijichoshe, mama. Anakupenda."

Sikuongeza neno. Kila nililosema lilikuwa limeandikwa. Yeye akaguna, akasema huyo binti amezoea kumwambia asijichoshe, akauingiza mkeka kwenye mashine.

Usiku niliporudi nyumbani nilijiambia nimemhurumia. Ni kweli nilimhurumia. Lakini niliwaza pia kile kiti changu pale mezani, na kwamba bila magauni Mgeni atafunikwa kitambaa chake na mlango wa ndani utafungwa. Tulituma mizigo mitatu mingine, mmoja kila mwaka. Binti aliandika tena, kwa kifupi zaidi, na mimi nikasoma kwa kifupi zaidi. Jumapili walikuwa wanazungumza kwa sauti, na nilikuwa nangoja barazani nikitega sikio, lakini jambo la nguo halikutajwa. Baadaye nilikuja kujua sababu. Binti aliandika kwa vile hakuweza kulitamka, na mizigo ilipoendelea kuja akadhani mama amekataa kusikia, basi akamwachia.

Wakaja likizo ya shule ya huko, mama na mtoto. Mwenye Duka alikuwa amepanga magauni sita mapya juu ya meza, yamepigwa pasi, mikono imekunjwa kifuani kama watoto waliolala. Mimi nilikuwa barazani. Gari likasimama, akateremka binti, halafu akateremka msichana mrefu, suruali ya jinsi, nywele zimekatwa hadi shingoni. Alikuwa amempita bibi yake kwa kichwa kizima.

Waliingia. Kupitia mlango nikaona Mwenye Duka akiinua mkono na kuushika uso wa mtoto, halafu bega, halafu kiganja kikashuka kwa mkono wote mpaka kiwiko, mpaka kifundo, taratibu, kama anavyopima kitambaa asichokiamini. Mtoto alikuwa na adabu. Alichukua gauni moja mezani akajiwekea mwilini, na pindo likaishia kiunoni. Akasema kitu kwa Kiingereza. Mama yake akafasiri kwamba anasema samaki ni wazuri sana.

Binti akasema, kwa upole, "Mama, nilikuandikia. Tangu miaka mitatu iliyopita."

Mwenye Duka akageukia mlango. Akaniita. Nikaingia nikasimama karibu na pazia, mikono nyuma.

"Aliandika?"

"Ndiyo, mama."

"Ulisoma?"

"Nilisoma."

"Wote?"

"Sikukusomea wote."

Aliniangalia kwa yale macho yenye ukungu, na najua alichokiona kilikuwa umbo tu la mtu. "Mimi nilikuwa naona kwa macho yako, fundi," akasema. Binti akajaribu kuingilia, akisema si neno, ni mambo madogo, nguo tu. Mwenye Duka akamnyamazisha kwa kiganja. Aliyakunja magauni mwenyewe, yote sita, kwa mkono mmoja, na ikachukua muda, na sisi watatu tulisimama tukimtazama kwa sababu hakuna aliyethubutu kumsaidia. Alipomaliza akaniambia nihamishe cherehani.

Nikahamisha jioni ileile. Nikapata chumba karibu na soko, nikaweka kibao changu, wateja wakanifuata kidogo kidogo. Mjini hakuna aliyejua kilichotutenganisha. Yeye hakumwambia mtu, na ukijua jinsi habari inavyotembea Bagamoyo utaelewa kwamba kwa kutosema alinisitiri.

Tukawa tunakutana, mji wenyewe mdogo. Nilimpa shikamoo, naye akasimama, akaitika marahaba, akauliza habari za kazi, za mama yangu Fukayosi, za mguu wa mama uliokuwa ukimsumbua, za mvua. Hakupunguza hata swali moja. Alisubiri kila jibu. Lakini hakuniambia karibu. Kwetu mtu akikuuliza yote hayo halafu asikwambie karibu, unaondoka umeelewa. Ikawa hivyo miaka mitatu.

Nilisikia habari zake kwa wateja. Binti alimpeleka Dar es Salaam akatolewa mtoto wa jicho, sasa anasoma simu mwenyewe. Niliposikia hilo nilifurahi na nikaona aibu upya. Nilisikia pia kwamba Mgeni bado anafanya kazi, kwamba mwalimu wa chekechea ya Mlingotini amepata kwake herufi zote za alfabeti za kitambaa, na samaki wa kuhesabia. Mara mbili tatu nilipita mtaa ule mchana bila shughuli. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi, na nilisikia mashine ikivuta na kusukuma, kisha ikanyamaza, kisha yeye akasema neno peke yake, kwa Kigujarati, lugha ya kwao, nami sikulielewa.

Alikuja kwangu mwaka huu, asubuhi ya manyunyu, na mwavuli. Nilimsikia kabla sijamwona.

"Hodi."

Nikainuka mpaka kiti kikaanguka. Nikampa shikamoo, nikamwambia karibu, nikampangusia kiti. Aliuliza maswali yote, nami nikajibu yote. Ndipo akasema anaondoka. Binti anakuja kumchukua moja kwa moja, duka limepata mtu, na Mgeni amemkabidhi kwa yule mwalimu wa Mlingotini. Alisema hivyo kama mtu anayesoma orodha ya vitu vya sokoni. Kisha akafungua mfuko wa plastiki, akatoa kitambaa cheusi cha sufu, kizito, cha jora la zamani ambalo halikuwahi kupata mnunuzi kwa joto la hapa.

"Huko baridi," akasema. "Binti anasema sari haifai barabarani. Nataka suruali mbili. Sijawahi kuvaa suruali. Nipime."

Katika miaka yote ile sikuwahi kumpima. Nilizungusha futi kiunoni, na kabla sijasoma akasema, "Thelathini na nne."

Futi ilisema vingine. Nikaitazama tena.

"Ishirini na nane, mama."

"Pima tena."

Nikapima tena. Nilitamani kumwambia thelathini, thelathini na moja, ningemkatia pana tu na asingejua. "Ishirini na nane," nikasema.

Aligeuka akatazama mvua nje. "Nimepungua sana?"

"Umepungua sana, mama."

Akatikisa kichwa. "Haya. Andika. Usiniongezee."

Nikaandika. Nikampima nyonga, paja. Nilikuwa nimepiga magoti mbele yake napima urefu wa mguu aliposema, juu ya kichwa changu, bila ukali wowote, "Ule ujumbe. Ungenisomea wote, ningelia siku mbili."

Nikabaki na ncha ya futi kwenye kifundo chake.

"Siku mbili, fundi. Halafu ningekuuliza, sasa tushone nini."

Nikamwambia, "Nisamehe, mama." Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo mbele yake.

"Mguu wa kulia ni mfupi kidogo kuliko wa kushoto," akasema. "Pima yote miwili."

Nikapima yote miwili. Ni kweli, ulikuwa mfupi kwa robo inchi.

Siku ya tatu nilimpelekea suruali. Duka lilikuwa tupu. Rafu zote zilikuwa wazi, na ukutani ilibaki mistari ya rangi iliyofifia kuonyesha majora yalipokuwa yakisimama. Kaunta tu haikuondolewa, ilijengwa pamoja na nyumba. Alikwenda nyuma ya pazia akavaa, akakaa huko muda mrefu kiasi kwamba nikauliza kama kuna tatizo. Akasema hakuna. Kisha akatoka.

Alikuwa amevaa suruali nyeusi na blauzi yake nyeupe, miguu mitupu. Alisimama akijitazama chini. Alionekana kama mtu mwingine, mfupi zaidi, na mzee, na kwa namna fulani kama msichana.

"Miguu inaonekana," akasema.

Nikamwambia ndiyo, inaonekana.

Alitembea kutoka kaunta mpaka mlangoni, polepole, akisikiliza kitambaa. Akasimama kizingitini. Mtu mmoja alipita barabarani akampa shikamoo, naye akaitika. Akarudi mpaka kaunta, akageuka, akaja tena. Nilikaa kwenye ngazi nikaangalia pindo jinsi linavyoanguka. Lilikuwa sawa pande zote mbili, hapakuwa na cha kurekebisha, na kazi yangu ilikuwa imekwisha. Hakuniambia niende. Aliendelea kutembea, kaunta hadi mlangoni, mlangoni hadi kaunta, akijifunza, na mimi nikakaa.